Ukigombana na msimamizi wa uzamivu, jiulize kwanza umesajiliwa wapi

Kila baada ya muda napigiwa simu na mtu nisiyemfahamu. Namba yangu kapewa na mwenzake, na huyo mwenzake kapewa na mwingine. Anaanza kwa salamu ndefu, anaomba radhi kwa usumbufu, kisha linatoka: msimamizi hasomi kazi yangu, au kachukua data zangu, au ameniambia maneno ambayo siwezi kuyarudia kwenye simu. Dada, niende wapi?

Mimi humwuliza: umesajiliwa wapi? Wengi hushangaa, maana walitegemea pole kwanza. Pole nawapa, ila baadaye. Jibu la swali hilo ndilo linaloamua ofisi gani ina mamlaka ya kufanya kitu, na ipi itakusikiliza, ikukaribishe chai, ikuage. Ofisi za chai nazo zina kazi yake, na kuna siku hakuna kingine kitakachokusaidia. Tabu inaanza pale mtu anapompelekea mwenye chai jambo linalohitaji mwenye muhuri, au anapokwenda kulia kwa mwenye muhuri.

Nilianza uzamivu nikiwa mhadhiri msaidizi katika chuo kikuu cha umma hapa Tanzania. Utafiti wangu ulihusu floraidi katika maji ya visima upande wa Arumeru. Kwa watu wa Kaskazini jambo hilo halihitaji maelezo: meno ya kahawia tangu utotoni, na kwa wengine mifupa inayopinda. Shirika la Afya Duniani linashauri floraidi isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na visima vingi vya ukanda wa Bonde la Ufa vinavuka hapo bila jasho. Nilipata nafasi kwenye mpango ambao wenyewe tunauita sandwichi: unakusanya data nyumbani, unakwenda Uswidi kwa vipindi vya miezi kadhaa kufanya kazi ya maabara na kuandika, kisha unarudi. Utaratibu huu una umri mkubwa. Uswidi iliunda shirika la SAREC mwaka 1975 kusaidia utafiti katika nchi zinazoendelea, mwaka 1995 likaingizwa ndani ya Sida, shirika la misaada ya maendeleo la nchi hiyo, na walimu wengi wa vyuo vyetu wamepitia njia hiyo. Mipango mingine humsajili mtu huko Uswidi, mingine pande zote mbili. Wangu ulikuwa wa nyumbani tu. Kule nilikuwa mgeni mwenye kadi ya kufungulia mlango wa maabara.

Wasimamizi walikuwa watatu. Msimamizi mkuu nitamwita Prof, wa pili Dokta, wote wa nyumbani. Wa tatu alikuwa Mswidi.

Prof alikuwa, na bado ni, mtu mwema. Hadithi za aina hii mara nyingi huwa na shetani mmoja na malaika mmoja, na yangu haina. Mwaka wa kwanza alisoma andiko langu mstari kwa mstari, akanipeleka mwenyewe kwa watu wa maji wa wilaya, akafuatilia kibali cha utafiti cha COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia, kana kwamba utafiti ni wake. Kisha usiku mmoja, kwenye taarifa ya habari, tukasikia jina lake katika uteuzi. Kundi letu la WhatsApp likajaa pongezi. Nami nilituma yangu, na nilifurahi kweli. Asubuhi yake ndipo nilipoanza kujiuliza nani atanisoma.

Aliyekuwa Prof akawa Mheshimiwa. Simu ikawa inapokewa na msaidizi: "Mheshimiwa yuko kikaoni, dada, jaribu jioni." Jioni yuko njiani kwenda Dodoma. Sura ya pili ya tasnifu ilikaa kwake msimu mzima wa mvua, na ilipotoka ilikuwa imesomwa kurasa chache za mwanzo, kwa penseli, nadhani ndani ya gari, maana mwandiko ulikuwa unaruka. Simlaumu kwa kuteuliwa. Nalaumu utaratibu ambao unamwondoa profesa chuoni usiku mmoja na hakuna anayeuliza wanafunzi wake wa uzamivu wamebaki mikononi mwa nani.

Hapo kuna fomu. Kila nusu mwaka tulikuwa tunajaza ripoti ya maendeleo, msimamizi anasaini, idara inaipeleka Kurugenzi ya Masomo ya Uzamili. Sehemu moja inauliza kama kuna changamoto yoyote katika usimamizi. Sote tulikuwa tunaandika "hakuna". Ungeandika nini, na anayeisaini ni yuleyule unayemlalamikia? Matokeo yake ofisi ikawa na faili nene linalosema mambo ni shwari. Siku unapoomba kuongezewa muda kwa sababu msimamizi hapatikani, afisa anafungua faili na kukuonyesha saini yako mwenyewe. Ndiyo maana wanaonipigia nawaambia: usijaze lawama, jaza tarehe. "Sura ya pili iliwasilishwa tarehe fulani, maoni bado yanasubiriwa." Sentensi hiyo haimtukani mtu. Msimamizi ataisaini bila kununa, na ukifika mwaka wa mwisho ndiyo itakayozungumza kwa niaba yako.

Wakati huo saa ya mwajiri ilikuwa inatembea. Nilikuwa kwenye likizo ya masomo yenye tarehe ya mwisho, mkataba wa kurudi kufundisha umesainiwa, na wenzangu tuliokuwa nao ngazi moja walishaanza kupanda. Nyumbani wanangu walikuwa kwa mama yangu, ambaye kila Jumapili kwenye simu aliniuliza kwa upole kama hiyo shule haina siku ya kufunga.

Nilirudi Uswidi kwa kipindi kingine mwishoni mwa Novemba, saa tisa alasiri giza limeshaingia. Pale idarani kila mtu anaitwa jina lake la kwanza, kuanzia profesa mpaka anayesafisha korido. Mdomo wangu uligoma kwa muda mrefu kumwita msimamizi wangu wa Kiswidi jina tupu. Nilikuwa nazunguka, naanza sentensi bila kumtaja. Niliyekaa naye chumba kimoja alikuwa mwanafunzi wa uzamivu aliyeajiriwa na chuo, ana mshahara na hati ya malipo kila mwezi, kama walivyo wengi wao kule. Siku moja nilimsikia akisema amebadilishiwa msimamizi. Aliitaja habari hiyo huku akimenya chungwa. Nikamwuliza ilikuwaje, alimkosea nini? Akanitazama tu. Hakukosewa, walikuwa hawaelewani.

Ndipo akanionyesha. Uswidi ina kanuni ya elimu ya juu ya mwaka 1993, na sura yake ya sita inahusu uzamivu. Kila mwanafunzi anapaswa kuwa na wasimamizi wasiopungua wawili. Anapaswa kuwa na mpango binafsi wa masomo ulioandikwa, unaosema chuo kitafanya nini na yeye atafanya nini, na mpango huo unapitiwa upya mara kwa mara. Na mwanafunzi akiomba kubadilishiwa msimamizi, anabadilishiwa. Hatakiwi kuthibitisha kosa la mtu. Nilisoma kifungu hicho mara kadhaa. Nikaanza kuona dirisha.

Akanielekeza kwa mtu wanayemwita doktorandombud, mtetezi wa wanafunzi wa uzamivu. Huyu huajiriwa na chama cha wanafunzi badala ya chuo, hivyo mkuu wa idara hana la kumfanya. Utamkuta katika miji mikubwa ya vyuo kama Lund, Uppsala na Gothenburg. Anafunga mlango, na unachomwambia hakitoki mpaka wewe mwenyewe useme kitoke. Nilieleza yote, kuanzia penseli hadi Dodoma, na nikalia. Akasogeza boksi la tishu, akasubiri, kisha akauliza:

"Umesajiliwa hapa kwetu?"

"Hapana. Nyumbani."

"Basi nitakuwa mkweli kwako. Kile kifungu hakikuhusu. Chuo chetu hakiwezi kukubadilishia msimamizi ambaye hakikumteua."

Niliumia. Lakini leo namshukuru kuliko watu walionipa matumaini. Mtu wa namna hiyo angeweza kunikalisha miezi akiandika barua za huruma kwa watu wasio na uwezo. Yeye alichukua karatasi akaniuliza nina matatizo mangapi. Nikasema moja, msimamizi. Akatikisa kichwa. Tukaanza kulichambua: sura zilizokwama, jina ambalo Dokta alitaka liingie kwenye makala, posho ya kujikimu iliyochelewa, na kukosa usingizi. Mbele ya kila moja akaandika nani mwenye uamuzi. Sura zilizokwama: chuo changu cha nyumbani, Kurugenzi. Posho: mratibu wa mpango na mhasibu wake, kwa barua pepe inayotaja makubaliano na tarehe. Nilikuwa namnung'unikia Prof kuhusu posho hiyo, na Prof hakuwahi hata kuiona karatasi ya malipo. Jina kwenye makala: waandishi wote kwa pamoja, na wakishindwana, taasisi. Usingizi: huduma ya afya ya wanafunzi, ghorofa ya chini, kesho asubuhi.

Suala la jina lilikuwa chafu kuliko mengine, basi nikae nalo kidogo. Makala yangu ya kwanza ilikuwa inakaribia kutumwa. Dokta akasema tumwongeze mkuu wa mradi mmoja jirani, na akae nafasi ya pili. Bwana huyo hakuwahi kuona kisima hata kimoja. Mradi wake ulituazima gari na dereva. Katika mazingira yetu ombi la namna hii haliji likiwa na sura ya wizi. Linakuja kama adabu: mtu katufaa, tumkumbuke.

Katika sayansi za afya na fani nyingi za jirani kuna kipimo kinachofahamika. Mwaka 1978 wahariri wa majarida ya tiba walikutana Vancouver, na kundi lile ndilo lililokuja kuitwa ICMJE. Leo masharti yao ya kuwa mwandishi ni manne na yote yatimie: mchango mkubwa katika wazo au katika data na uchambuzi wake, kuandika au kuhakiki kwa kina, kuidhinisha toleo la mwisho, na kukubali kuwajibika kwa kazi nzima. Gari halimo. Aliyesaidia kwa gari, fedha au maabara anawekwa kwenye shukrani, na hiyo nayo ni heshima.

Ila kujua kipimo ni jambo moja, kumpata wa kukitumia ni jingine. Wengi hudhani jarida litawaamulia. Halitafanya hivyo. Mwongozo wa COPE, kamati ya kimataifa ya maadili ya uchapishaji, ambao majarida mengi makubwa hufuata, unamtaka mhariri asiwe hakimu wa ugomvi wa waandishi, aurudishe kwa taasisi yao. Uswidi nako kuna bodi ya taifa inayochunguza udanganyifu katika utafiti tangu mwaka 2020, lakini kazi yake ni data za kubuni, data zilizochezewa na wizi wa maandishi. Nani akae wa pili haiwahusu. Ukiibiwa maandishi yako mazima, hapo mazungumzo ni mengine.

Kwenye makala ile ya kwanza jina lilibaki. Nilipima: Dokta ndiye aliyekuwa anasoma sura zangu wakati Prof hayupo, na kama angenuna nisingekuwa na mtu yeyote nyumbani. Nikaokoa tasnifu, nikaiacha makala. Kuna watakaoniona mwoga, na kimaadili sina cha kuwajibu. Kwa makala zilizofuata msimamizi wangu wa Kiswidi alipendekeza jambo dogo ambalo ningetamani kila idara ilichukue. Kabla ya kuandika aya ya kwanza, kila anayetarajia kuwa mwandishi anajaza mwenyewe jedwali la mchango wake. Majarida mengi siku hizi hutumia orodha ya CRediT yenye aina 14 za michango, basi tulitumia hiyo. Jedwali linakwenda kwa wote kwa barua pepe moja. Kikao kisingeweza kufanya kazi iliyofanywa na jedwali lile, kwa sababu ni vigumu mtu kujiandikia "gari" huku wenzake wanaona. Bwana wa mradi alijiondoa mwenyewe, kwa ucheshi, na tukamshukuru vizuri mwishoni mwa makala.

Niliporudi nyumbani nilikuwa na barua ya kurasa kadhaa. Ilikuwa na tarehe zote, nakala za barua pepe zisizojibiwa, na aya moja kuhusu wajibu wa msimamizi ambayo niliiandika usiku nikiwa na hasira, na nikiisoma sasa naona ilikuwa nzuri. Kwa utaratibu wetu barua ya mwanafunzi kwenda Kurugenzi inapitia kwa mratibu wa uzamili wa idara na Mkuu wa Idara. Mkuu wangu wa Idara alisimamiwa uzamili na Prof huyohuyo. Aliisoma barua, akavua miwani, akaniambia, "Mwalimu, hii tuiache hapa kwanza nitafakari." Ilikaa mezani kwake.

Nikaenda Kurugenzi bila barua, nikiwa na shida tu. Sikuonana na Mkurugenzi. Nilionana na afisa wa dawati, mama mtu mzima aliyeona majalada ya uzamivu kuliko profesa yeyote pale. Kama mna mtu wa namna hii chuoni kwenu, mfahamuni mapema, na mkimkuta msisahau shikamoo. Alisoma nakala yangu bila kubadilisha uso, kisha akasema:

"Umeandika malalamiko. Malalamiko yanaundiwa kamati. Unataka kamati au unataka msimamizi?"

"Nataka msimamizi, mama."

"Basi andika maombi."

Akanifungulia kanuni za uzamili za chuo chetu, ukurasa ambao sikuwahi kuufikia, unaosema kwamba msimamizi anayekuwa nje ya kazi za chuo kwa muda mrefu idara inaweza kupendekeza msimamizi wa nyongeza au mbadala. Haikuhitaji kosa la mtu. Ilihitaji sababu, na sababu ilishatangazwa kwenye taarifa ya habari. Barua mpya ikawa nusu ukurasa: kwa kuwa Prof amekabidhiwa majukumu ya kitaifa, naomba idara initeulie msimamizi wa nyongeza katika eneo la kemia ya maji, na Prof aendelee kuwa sehemu ya timu. Mkuu wa Idara, yule aliyevua miwani, aliipitisha kwa furaha. Hakuwa mtu mbaya. Barua ya kwanza ilikuwa inamtaka achague kati yangu na mwalimu wake.

Kabla haijafika kwa Prof nilimwendea mzee mmoja mstaafu, aliyewahi kuwa Amidi na ambaye Prof humheshimu. Nilimwomba jambo moja tu, amwandae. Alimpigia usiku, wakazungumza ya kwao. Prof alinipigia mwenyewe kesho yake, bila msaidizi, akasema amekuwa akijisikia vibaya kwa muda mrefu na hakujua aanzeje kuniambia nitafute mwingine. Saini yake ilirudi upesi kuliko saini yoyote aliyowahi kunipa.

Hiyo njia ya mzee na barua laini ina mipaka yake, na mipaka hiyo isichezewe. Ilinifaa kwa sababu tatizo langu lilikuwa kutokuwepo kwa mtu. Msimamizi anapodai mwili, au fedha, ili asome kazi au apitishe alama, usimtafute mzee wa kuwapatanisha. Hakuna cha kupatanisha. Mwenzangu mmoja aliyepitia hayo alishauriwa na watu wazima, wanawake kwa wanaume, "yamalizeni kimya kimya", na kimya hicho kilimla. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, kifungu cha 25, inataja wazi kosa la kutumia mamlaka kudai ngono. Mlango wake ni TAKUKURU, simu 113. Vyuo vingi sasa vina dawati la jinsia, na hilo litakusaidia kuandika maelezo na kutokuwa peke yako. Ila elewa kuwa dawati ni la chuo na mtuhumiwa ni wa chuo, kwa hiyo kwenda kwenye dawati kusikuzuie kwenda TAKUKURU. Hifadhi jumbe kama zilivyo, usizihariri wala kuzifuta kwa aibu. Na usijaribu kuweka mtego mwenyewe. Hiyo ni kazi ya wenye mafunzo na mamlaka.

Wapo pia wa nje ya chuo. Tume ya Vyuo Vikuu inasimamia ubora wa vyuo vyenyewe. Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, iliyorithi kazi za ile Tume ya Kudumu ya Uchunguzi ya mwaka 1966, hupokea malalamiko dhidi ya taasisi ya umma inayotumia madaraka vibaya. Kwa ndugu zetu wa Kenya kuna Tume ya Haki ya Utawala, ambayo wengi wanaijua kama ofisi ya Ombudsman. Kote huko swali la kwanza litakuwa: chuo chako kilijibu nini? Usipokuwa na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa, unaanza upya. Mimi sikufika huko, ila nakala zangu zote zilikuwa na muhuri, na nadhani jambo hilo lenyewe lilifanya baadhi ya watu wajibu haraka.

Na kama wewe, kama nilivyokuwa mimi, ni mtumishi wa chuo na papo hapo mwanafunzi, tenganisha kofia zako. Likizo ya masomo, mshahara na kupandishwa cheo ni mambo ya mwajiri, na huko ndiko chama cha wafanyakazi, kwa wengi wetu THTU, kina sauti. Nimeona watu wakipeleka suala la tasnifu kwenye chama na suala la mshahara kwa msimamizi, wakarudi kote mikono mitupu.

Sasa ule usingizi. Kule Uswidi mtu anayekaa chini ya mwaka mmoja hapewi namba ya utambulisho wa raia na wakazi, na bila namba hiyo mambo mengi ya hospitali yanakuwa marefu. Sandwichi karibu wote tunaangukia hapo. Ulizia bima yako inagharimia nini kabla ya kupanda ndege, usisubiri usiku unapotetemeka. Huduma ya afya ya wanafunzi ilinipokea, na mshauri wa pale hakuwa na uwezo wa kubadilisha chochote katika mgogoro wangu. Hiyo ndiyo ofisi ya chai niliyoisema, na nilikwenda tena na tena. Kuna utafiti uliofanywa Flanders, Ubelgiji, ukachapishwa mwaka 2017, kwa wanafunzi wa uzamivu 3,659: karibu theluthi moja yao walikuwa katika hatari ya kupata tatizo la afya ya akili, na mtindo wa uongozi wa msimamizi ulikuwa miongoni mwa mambo yaliyohusiana na hali hiyo. Niliposoma nilijisikia nafuu, maana nilikuwa nimeshaamini kwamba ni mimi tu sikuumbwa kwa shule.

Nyumbani ni ngumu zaidi. Kitengo cha ushauri nasaha kipo, lakini mhadhiri kukaa kwenye benchi moja na wanafunzi anaowafundisha, akisubiri kuitwa jina, kunahitaji moyo. Nilichofanya mimi ni kumtafuta mshauri nje ya chuo, kwa fedha zangu, na kujiunga na kina mama wenzangu wa uzamivu tuliokuwa tunakutana Jumamosi kuandika. Saa ya kwanza ilikuwa ya kulalamika, kisha simu zinakusanywa kwenye beseni na watu wanaandika. Kiongozi wa dini naye anasaidia, ila mwambie mapema kama unataka dua au unataka ushauri, la sivyo utapata hotuba ya uvumilivu.

Gharama? Ada ya muda wa nyongeza niliilipa kwa mkopo wa SACCOS, ambao ulidumu kuliko shahada yenyewe. Kupanda cheo kulichelewa. Mwanangu mdogo alianza darasa la kwanza nikiwa nje, na picha ya siku hiyo nilitumiwa na jirani. Nilitetea tasnifu, nikapita kwa marekebisho madogo. Prof alikuja, akakaa nyuma, akauliza swali gumu kuliko ya watahini wote. Na Dokta tunasalimiana.

Kuna jambo moja wanaonipigia huwa hawalifikirii mpaka limechelewa. Ukiwa mgeni kwenye chuo cha nje, anwani yako ya barua pepe ya chuo kile hufungwa muda si mrefu baada ya kuondoka, na maoni yote ya wasimamizi, majedwali na ahadi vinafungwa navyo. Hamisha kila kitu ungali na nenosiri. Mazungumzo ya mdomo usiyarekodi kwa siri. Yakimalizika, mwandikie mhusika jioni hiyohiyo ujumbe mfupi wa heshima: nashukuru kwa muda wako, nimeelewa kwamba tumekubaliana hivi na hivi, kama nimekosea naomba unisahihishe. Asipojibu, tarehe ya ujumbe huo inatosha kuwekwa kwenye ripoti ya nusu mwaka.